Mashairi ya Muyaka Niliyoyasoma London

Chuoni Mombasa tulifundishwa hati za Kiarabu ili tusome msahafu, na tulipokhitimu hatukuzitumia kwa jambo jingine. Shuleni Kiswahili kilikuwa cha herufi za Kirumi tangu darasa la kwanza. Viwili hivyo vilikutana machoni mwangu nilipokwenda London kwa masomo ya muda mfupi, katika maktaba ya SOAS, karibu na Russell Square.

Humo zimehifadhiwa karatasi za William Taylor, mmishenari Mwingereza aliyeishi Mombasa miaka ya 1880, na ndani yake mna mashairi ya Muyaka. Mshairi huyo, Muyaka bin Haji, alikuwa amefariki miongo kadhaa nyuma, na mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua, mwenyeji wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890, ndiye aliyeyakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu. Jina la Taylor ndilo lililoandikwa juu ya mkusanyo, lakini heshima yangu kubwa naiweka kwa Sikujua.

Kusoma hati hizo ni kazi. Irabu ni tatu tu, kwa hiyo e na i hugawana alama moja, o na u vilevile. P mara nyingi huandikwa kwa herufi ya b, na m au n inayotangulia konsonanti huenda isiandikwe kabisa. Nilipofuata herufi kwa macho nilikwama. Nilipoanza kunong'ona, kwa matamshi ya Kimvita niliyolelewa nayo, mshororo ulifunguka: mizani minane, kisha minane mingine, na palipokuwa na neno la kusomeka namna mbili, kina kiliamua. Aliyeandika alimwandikia mtu aliyekwisha kuijua lugha. Nilifurahi mno kujua kwamba mtu huyo ningeweza kuwa mimi.

Niliporudi nilimwomba shangazi anifungulie sanduku la marehemu bibi. Mlikuwa na karatasi za hati hizohizo zilizofungwa kitambaani, zikiheshimiwa kama dua.

"Mwanangu, hayo ni maneno ya Mungu, usiyachezee," akasema.

"Nitatia udhu kwanza, shangazi."

Nyingine zilikuwa dua kweli. Lakini moja ilikuwa barua ya deni la nazi, nyingine yauliza mahari imefikia wapi, nyingine ya mke anayemlaumu mumewe kwa kukawia Lamu. Barua zote Kiswahili kitupu. Shangazi aliposikia jina la mdai alicheka, akanitajia nyumba yao na wajukuu wake waliobaki mtaani.

Tangu hapo majirani hutuletea za kwao. Napiga picha kwa idhini yao, nasoma kwa sauti, na wazee hunisahihisha. Walio na kasi ya kuzisoma ni wachache na umri umekwenda, kwa hiyo siku ya mzee kuwa na nafasi naahirisha mengine yote. Barua ya mke yule bado ina maneno mawili yaliyotushinda. Shangazi anashikilia kwamba ni tusi, na mzee wa mtaa wa Kuze anasema ni jina la jahazi.