Kupendekeza ni Kunyamaza

Zamani, vijana wakikaa barazani kubishana ni Final Fantasy ipi iliyo kali kuliko zote, ubishi ulikuwa na mpaka wake. Hakuna aliyetaja jambo ambalo mwenzake hajalifikia. Ukiwa bado uko CD ya pili, waliokwisha kumaliza walishusha sauti, au walibadili mazungumzo mpaka uondoke. Hakuna mkubwa aliyetufunza adabu hiyo. Ilitokana na kujua kwamba mtu hushtushwa na jambo mara moja tu, na kumharibia mara hiyo ni kumdhulumu. Leo adabu hiyo haipo tena, nami naililia, kwa sababu imeondoka pamoja na kipimo tulichotumia kuzipanga gemu hizo, kutoka ya juu hadi ya chini.

Mfululizo wenyewe ni mkongwe kuliko wengi wanaoucheza. Kampuni ya Square ilitoa Final Fantasy ya kwanza nchini Japani Desemba 1987, kwa ajili ya mashine ya Famicom ya Nintendo. Aliyeiongoza ni Hironobu Sakaguchi, muziki alitunga Nobuo Uematsu, na wahusika walichorwa na Yoshitaka Amano. Mwaka uliotangulia, Dragon Quest ya Yuji Horii ilikuwa imekwisha kuwaonyesha Wajapani kwamba hadithi ndefu ya mashujaa wanaopigana kwa zamu inaweza kuchezwa sebuleni, mbele ya televisheni ya familia. Tangu hapo namba zimepanda mpaka ya 16, iliyotoka 2023. Kila namba ni dunia yake: watu wapya, miji mipya, kanuni mpya za kupigana. Vinavyorudi ni vichache, kama wale ndege wakubwa wa kupanda waitwao chocobo, fundi au mzee aitwaye Cid, na muziki mfupi wa ushindi. Kwa hiyo si lazima ufuate hesabu. Anayekuambia uanze na ipi ndiye anayekuchagulia mlango wa kuingilia, na huo ni wajibu mzito.

Sisi hatukuwa na wa kutuchagulia mlango. Ya nne, ya tano na ya sita zilitoka Japani 1991, 1992 na 1994. Marekani walipata mbili kati ya hizo, ya nne ikiitwa ya pili na ya sita ikiitwa ya tatu. Ulaya haikuuziwa hata moja yenye namba mpaka ya saba ilipofika mwishoni mwa 1997. Kwetu Dar es Salaam, mashine nyingi zilikuja kwa njia ya Dubai, zikatiwa chipu, na CD zake zilikuwa za kunakili. Kwenye vibanda vya gemu palichezwa mpira na ngumi, vitu unavyolipia kwa mechi na kumpisha mwenzako. Nani angekaa foleni akimngoja mtu anayesoma maandishi kwa saa 40? Final Fantasy ikawa ya majumbani, ya wachache waliokuwa na PlayStation, memori kadi na mzazi mvumilivu. Tena ilitaka moyo, maana umeme ukikatika kabla hujasevu, jioni nzima imepotea, na miaka ile ya mgao umeme ulikatika bila kubisha hodi.

Aliyenipa ya saba alikuwa kaka mmoja wa jirani, aliyenizidi umri na kidato. Gemu hiyo ina CD tatu. Alinipa ya kwanza tu. Akanionyesha namna ya kusevu, akaniambia nizungumze na kila mtu ninayekutana naye mjini, basi. Nikaingia Midgar, ule mji wa chuma unaonyonya uhai wa ardhi, nikiwa na Cloud, shujaa wa gemu hiyo, na upanga wake mrefu. Nikakutana na msichana anayeuza maua, Aerith, ambaye kwenye toleo letu la Kiingereza aliandikwa Aeris. Yeye ndiye aliyejua kuponya wenzake, basi nikamlea: nikampa fimbo nzuri kuliko zote, nikamtanguliza katika kila pigano. Kaka yule alipita mara kwa mara, akaketi, akaniona nikimpa Aerith kila nilichonacho. Hakusema neno. Mwisho wa CD ya kwanza Sephiroth, adui mkuu wa gemu hiyo, anamuua, na muziki wa Uematsu hausimami hata unapopigana baada ya hapo. Nilipokwenda kuirudisha CD, kaka hakuuliza chochote. Alinitazama usoni, akanipa ya pili.

Tulikaa muda mrefu tukibishana kama anaweza kufufuliwa. Mmoja aliapa binamu yake amemfufua, mwingine akasema ni lazima ushinde mbio zote za chocobo. Uvumi huo ulienea duniani kote, si kwetu peke yetu, na chanzo chake ni kimoja: gemu zilikuwa zimetuzoesha kwamba aliyeanguka huinuliwa kwa dawa, ghafla hii ikakataa. Watengenezaji walitaka kifo kiwe kifo. Sakaguchi alikuwa amefiwa na mama yake, na fikra juu ya uhai na mahali unapokwenda imepita katika hadithi yote.

Kuanzia hapo tulipanga gemu kwa uzito wa pigo lake. Ya saba ilikaa juu bila mpinzani. Ya nane, ya 1999, ikafuata kwa sababu video zake zilitufanya tudhani tunatazama sinema, na kwa wimbo ulioimbwa na Faye Wong. Ya kumi, ya 2001, ilipokuja na PlayStation 2 na wahusika wakasema kwa sauti zao kwa mara ya kwanza, ikaanza kugombea kiti. Ya tisa, ya 2000, ilikaa chini, maana wahusika wake wenye vichwa vikubwa walionekana wa kitoto machoni pa vijana waliotaka kuonekana watu wazima. Zile sita za kwanza hatukuzipanga kabisa. Zilikuwa majina tu.

Sasa kila kitu kimefika. Zile sita zilitengenezwa upya kwa ajili ya kompyuta na simu kati ya 2021 na 2022, kisha mwaka uliofuata zikaingia kwenye mashine nyingine, na humo unaweza hata kuzima maadui wanaokuvamia njiani. Matoleo mapya ya ya saba, ya nane na ya tisa yana kitufe cha kuongeza kasi. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ilipofunguliwa Julai 2021, wanamichezo wa mataifa, wa Tanzania na Kenya wakiwemo, waliingia uwanjani kwa muziki wa gemu za Kijapani, wa Final Fantasy ukiwa miongoni mwake. Nilitazama nikiwa na fahari. Kitu tulichokificha kwa wazazi waliokiita upotevu wa muda kilikuwa kimeipokea dunia nzima.

Lakini mpwa wangu aliponijia na kuniuliza, "Mjomba, nianze na ipi?" alikuwa tayari anajua kwamba Aerith anakufa. Alijua nani anamuua, wapi, na kwa upanga gani. Hajawahi kushika pedi ya gemu hiyo. Orodha alizosoma, kila moja ikieleza kwa nini ya saba ni bora, zilimpa sababu na zikamnyang'anya tukio lenyewe. Ilinichoma, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kumfanyia yale niliyofanyiwa: kumpa, kukaa pembeni, kunyamaza. Hakukuwa na kitu kilichobaki cha kunyamazia.

Nadhani hata waliotengeneza wanalijua hili. Ya saba iliporudi upya 2020, wakaingiza viumbe wa ajabu waliojitanda majoho, wanaozuka kila mambo yanapotaka kukengeuka na kuyarudisha kwenye njia iliyopangwa. Wahusika wanapigana nao. Sehemu ya pili ilipofika 2024, wachezaji waliingia wakiwa na swali ambalo sisi hatukuwa nalo: je, safari hii atapona? Kutojua kwa kwanza kulikuwa kumepotea, watengenezaji wakajaribu kuunda kutojua kwa pili. Naheshimu ujasiri huo. Hata hivyo ni kazi iliyotengenezwa kwa ajili yetu tunaokumbuka, na anayeanza leo anaingia katikati ya mazungumzo ya watu wengine.

Basi nimebadili kipimo. Ikiwa pigo halimfikii tena mtu yeyote, nauliza: ipi inasimama hata ukishajua kila kitu chake?

Kwa kipimo hicho, ya tisa inapanda hadi juu. Sakaguchi mwenyewe amewahi kusema ndiyo aipendayo zaidi. Ndani yake mna Vivi, mchawi mdogo mwenye kofia iliyochongoka, anayegundua kwamba watu wa jinsi yake waliundwa kiwandani kwa ajili ya vita, na kwamba muda wao wa kuishi ni mfupi mno. Siri hiyo haifichwi hadi mwisho; unaipata mapema, kisha unatembea nayo. Uzuri wote uko katika namna anavyoamua kuishi siku zake. Ukiicheza ukiwa na miaka 15, Vivi ni rafiki mpole. Ukiicheza baada ya kuzika watu, ndiye mwalimu.

Nafasi ya pili naipa ya sita. Ina wahusika 14 wa kuchezea, na ni vigumu kusema nani kati yao ndiye shujaa mkuu. Katikati yake kuna jambo ambalo sitalisema. Baada ya jambo hilo dunia yote iko wazi mbele yako, na gemu haikulazimishi kuwakusanya wenzako: unaweza kwenda vitani na wachache, ukawaacha wengine popote walipo. Wengi wetu tuliwatafuta wote, bila kuamriwa, na uhuru huo wa kuwajali watu haumalizwi na kuujua mwisho.

Nafasi ya tatu ni ya saba, ambayo bado ina Midgar, bado ina muziki ule, na bado inasema juu ya ardhi inayonyonywa maneno yanayozidi kuwa kweli. Inafuata ya 12, ya 2006, ambamo unawaandikia wenzako amri za kufuata vitani na unapata furaha ya kuona mpango wako ukifanya kazi. Ya tano naipa wale wanaopenda kuchanganya kazi na ujuzi wa wahusika kuliko kufuata hadithi. Ya nne ni kwa anayetaka kuona jinsi hadithi za gemu zilivyokomaa. Ya nane imeshuka kwangu. Ukishajua fumbo lake, kinachobaki ni kunyonya uchawi kutoka kwa maadui na kuuweka akibani, kazi ndefu inayochosha. Ya 13 ni ukumbi mrefu mzuri wenye mlango mmoja. Ya 15, iliyotengenezwa kwa takriban miaka kumi, naipenda kwa vijana wanne na gari lao, ingawa hadithi ina mashimo. Ya 16 ni ya anayetaka mapigano ya haraka ya moja kwa moja. Ya 11 na ya 14 zinachezwa mtandaoni na watu wengine, kwa malipo ya kila mwezi. Ya 14 ilianguka vibaya 2010, ikafungwa, ikajengwa upya chini ya uongozi wa Naoki Yoshida na kurudi 2013. Anayeichagua anachagua mtaa wa kuhamia, na asiingie kwa haraka.

Ukiziacha tatu za kwanza, iliyobaki ni ya kumi, ambayo nimeiacha makusudi. Hiyo ndiyo ninayompa anayeanza, na ndiyo niliyompa mpwa wangu. Inaanza na kijana Tidus akiwa ameketi na wenzake kandokando ya moto, akisimulia yaliyowaleta pale, kwa hiyo tangu dakika ya kwanza umo ndani ya kumbukumbu ya mtu. Wanamsindikiza msichana aitwaye Yuna katika hija ya kuiokoa nchi ya Spira. Mapigano yanakwenda kwa zamu za utulivu, hakuna saa inayokukimbiza, na njia ni moja iliyonyooka, hivyo mgeni hapotei. Wenzake Tidus wote wanajua jambo moja ambalo yeye halijui, na wananyamaza. Mara ya kwanza hukisii. Mara ya pili unasikia ukimya wa kila mmoja, katika kila utani na kila kicheko, na gemu inakuwa nzito maradufu. Hiyo peke yake ndiyo niijuayo inayompa asiyejua fungu lake na kumpa anayejua fungu kubwa zaidi.

Mpwa wangu alikuwa hajaisoma habari yake, na hilo nalishukuru. Nilimwonyesha namna ya kusevu na kumwambia azungumze na kila mtu. Ameniuliza maswali mengi tangu hapo. Ya namna ya kupigana nayajibu yote, ya hadithi sijibu hata moja. Nawaomba wenzangu tuliozimaliza tuwafanyie hivyo wanaokuja. Mtu akikuuliza, mtajie namba, mwambie ni mashine gani inayoicheza na atahitaji saa ngapi, mweleze ladha ya saa tatu za mwanzo, halafu ufunge mdomo mpaka amalize. Orodha nzuri ni ile inayojua mahali pa kuishia.