Mtaro Mkavu wa Njia ya Makkah

Basi letu liliuacha uwanja wa ndege wa Jeddah baada ya swala ya alfajiri, na wengi katika msafara wetu wa umra walikuwa wamekwisha sinzia vitini. Njia ya kwenda Makkah, iitwayo Njia ya Haramain, huupitia mji kwa upande wa mashariki kabla ya kugeuka kuelekea bara. Kushoto kwetu vilikuwa vilima vikavu vya mawe. Kulia, majumba yakiteremka hadi Bahari ya Shamu. Bi mkubwa mmoja aliyekaa dirishani, tasbihi mkononi, alitugeukia akatuuliza: “Maalim, mtaro mkubwa hivi ni wa maji gani? Na hapa hapana hata mti!”

Tulichungulia. Kando ya njia palikuwa na mfereji wa saruji, mpana wa kuweza kupita malori mawili sambamba, mkavu kabisa, na ndani yake mchanga na karatasi zilizopeperushwa na upepo. Hatukuwa na jawabu. Tulimfasiria dereva suala hilo, naye alikuwa mtu wa Yemen aliyekaa Jeddah miaka mingi. Alipunguza sauti ya redio, akasema neno moja: “Sayl.” Kisha, tulipokuwa tumedhani kuwa amemaliza, akaongeza: “Quwaiza.”

Sayl ni maji ya bondeni yanayokuja kwa kishindo. Na Quwaiza ni mtaa wa kusini-mashariki ya Jeddah ambao jina lake wakazi wa mji huo hawalitaji bila ya kuwaombea rehema watu. Tarehe 25 Novemba 2009, iliyokuwa mwezi 8 Dhul-Hijja 1430, siku ya Tarwiya ambayo mahujaji huelekea Mina, mvua ilinyesha Jeddah kwa saa nne hivi ikazidi milimita 90. Sisi watu wa Pwani tunaopata kiasi cha milimita 1000 kwa mwaka huenda tukaona kwamba hiyo si ajabu. Lakini Jeddah hupata milimita 50 au 60 tu kwa mwaka mzima. Mvua ya karibu miaka miwili iliteremka kati ya asubuhi na adhuhuri, juu ya ardhi ngumu isiyomeza maji, ikayashika mabonde yatokayo vilimani na kuelekea baharini. Quwaiza ilikuwa imejengwa ndani ya bonde mojawapo. Watu zaidi ya 120 walifariki, wengi wao wakiwa wakazi wa mji, na baadhi yao walikuwa ndani ya magari yao barabarani. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Bonde la jangwani humhadaa mtu. Laweza kukaa kavu miaka na miaka. Mtu akanunua kiwanja ndani yake, akajenga, akaoza binti zake, asione maji yakipita hata mara moja. Akadhani kuwa maji yamehama. Hapo ndipo viwanja vilipouzwa na nyumba zikapandishwa. Baada ya msiba ule Mfalme Abdullah aliamuru familia ya kila aliyefariki ipewe riali milioni moja, na akaunda kamati ya uchunguzi chini ya amiri wa jimbo la Makkah, Khalid al-Faisal. Maofisa na wafanyabiashara walifikishwa mahakamani, na baadhi yao wakahukumiwa vifungo. Wakati huo huo mji mzima ulikuwa ukiogopa pia ziwa la maji machafu lililokuwa mashariki yake, ambamo magari ya kunyonya vyoo yalikuwa yakimwaga mzigo wao, kwa kuwa sehemu kubwa ya mji haikuwa na mabomba ya maji taka. Ziwa hilo watu waliliita Ziwa la Miski. Waarabu nao hawakunyimwa kejeli.

Tukiwa bado katika basi, tulianza kuitazama njia yenyewe kwa jicho jingine. Barabara kuu inapokata bonde, hujengwa juu ya tuta ili lami isilale majini. Lakini tuta hilo, likipita kutoka ukingo mmoja wa bonde hadi mwingine, limekwisha kuwa ukuta wa bwawa, wala halikukusudiwa kuwa bwawa. Kitu pekee kinachofanya lisiwe bwawa ni makalavati yaliyo chini yake. Yakiwa machache, au membamba, au yameziba, maji hujikusanya upande wa juu, yakaingia majumbani, na yakipata nguvu huivuka lami au huila. Pale barabara inapopita chini ya nyingine, mambo hugeuka: huwa ni bakuli, na gari lililomo ndani yake lina dakika chache tu. Jeddah siku ile iliyaona yote mawili.

Mhandisi, kabla ya kuchora kalavati, hupaswa kuchagua ni mvua ya ukubwa gani anayoikusudia. Husema, kwa mfano, “mvua ya miaka hamsini.” Maneno haya huwapotosha wengi. Hayana maana kwamba ikinyesha leo basi tumepumzika nusu karne. Maana yake ni kwamba kila mwaka unaoingia una fungu moja katika hamsini la kuleta mvua kubwa kiasi hicho au zaidi, na yaweza kuja miaka miwili mfululizo. Watu wa Jeddah walilijua hilo mapema: Januari 2011, miezi kumi na minne tu baada ya msiba wa kwanza, zilinyesha milimita 111 kwa saa tatu, na bwawa la Umm al-Khair likapasuka juu ya mtaa wa watu.

Ndipo yalipojengwa mabwawa mapya mashariki ya mji, na mifereji ya kupeleka maji baharini ikapanuliwa. Mtaro aliouona bi mkubwa wetu ni wa ukoo huo. Novemba 2022 ilinyesha mvua kubwa kuliko zote mbili, milimita 179 kwa saa sita kusini ya Jeddah. Shule zilifungwa, njia ya Makkah ikafungwa kwa muda, magari yakaelea. Waliofariki walikuwa wawili. Wawili ni wengi kwa wazazi wao, lakini kila mmoja wetu anaweza kuipima tofauti yake na 120.

Tulifika Makkah, tukatufu, tukasai. Siku ya pili, tukiwa tumekaa na kina mama wa msafara baada ya alasiri, suala la mtaro lilirudi, nasi safari hii tulikuwa na la kusema, kwa sababu Makkah yenyewe iko bondeni, na kila msomaji wa Surat Ibrahim analijua hilo. Al-Kaaba imesimama mahali pa chini, na maji ya Wadi Ibrahim yamekuwa yakiifikia tangu kale. Maquraysh waliijenga upya baada ya mafuriko kuzidhoofisha kuta zake, na hapo ndipo Mtume (s.a.w.), kabla ya kupewa utume, alipowaamua juu ya Jiwe Jeusi. Mwaka 1039 wa Hijria, yaani 1630, mafuriko yaliziangusha kuta, na Sultani Murad wa Nne akaijenga upya. Mwaka 1941 alipigwa picha kijana wa Bahrain akitufu kwa kuogelea. Wengi wetu tumeiona.

Lakini kisa tulichokaa nacho zaidi ni cha mwaka 17 wa Hijria. Maji yaliingia Msikitini kutoka upande wa juu wa Makkah, yakamchukua bibi mmoja aitwaye Umm Nahshal, akafa, na mafuriko yale yakaitwa kwa jina lake hadi leo. Yaling'oa pia Maqamu Ibrahim, yakaipeleka bondeni. Habari zilipomfikia Sayyidna Umar (r.a.) Madina alifunga safari kwa haraka, akaingia Makkah kwa umra katika Ramadhani. Alama za mahali pa Maqamu zilikuwa zimefutika. Umar akauliza ni nani anayepajua mahali pake hasa. Akasimama al-Muttalib bin Abi Wada'a, akasema kwamba yeye alikuwa akiichelea siku kama hiyo, kwa hiyo alikwisha pima kwa kamba kutoka Maqamu hadi kwenye Nguzo na hadi mlangoni, na kamba hiyo iko nyumbani kwake. Umar akamwambia akae papo hapo, na kamba ikatumwa kuletwa. Maqamu ikarudishwa kwa vipimo vile. Kisha Umar hakuondoka. Alijenga juu ya Makkah boma la mawe makubwa la kuyageuza maji yasiingie Msikitini.

Kina mama walikaa kimya kidogo. Kisha yule bi mkubwa akauliza: “Na hiyo kamba, alipima lini?” Tukamjibu kwamba alipima wakati ardhi ikiwa kavu.

Tuliporudi Mombasa, mvua za mwaka zilikuwa zimekwisha shika. Barabara ya mtaani kwetu, upande wa bara ya kaskazini, iliinuliwa miaka michache nyuma kwa kifusi na lami. Twashukuru, kwani kabla ya hapo gari la mgonjwa lilikuwa haliingii. Lakini lami ilitoka juu kuliko vizingiti vya nyumba kwa kiasi cha shubiri tatu, na mtaro uliochimbwa upande mmoja ukakomea kwenye ukuta wa kiwanja cha mtu, bila ya kufika horini. Mkandarasi alikwisha ondoka na mitambo yake.

Nyuma ya madrasa yetu anaishi bibi mjane anayewasomesha watoto wadogo wa kike alifu na be. Usiku mmoja, wakati sisi tungali safarini, maji yaliingia kwake. Aliipandisha misahafu juu ya kabati, akawapandisha wajukuu kitandani, akasimama majini hadi adhana ya alfajiri. Tulipokwenda kumpa pole tulimkuta akianika magodoro. Alituonyesha kwa kidole: “Zamani maji yalipita pale, palipokuwa na mwembe, yakenda zake hori. Mwembe umekatwa, na mahali pake pamewekwa kifusi. Mimi nilijua tangu siku ile.”

Tulimuuliza mbona hakusema. Akatutazama. “Nani aliniuliza, maalim?”

Hili lilituingia, kwa kuwa sisi tuliulizwa. Kabla ya kazi kuanza ulifanyika mkutano wa wananchi, kama sheria inavyotaka, nasi tulihudhuria, wanaume watupu, baada ya laasiri. Tuliuliza juu ya fidia ya ukuta wa madrasa. Tuliomba matuta ya kupunguza mwendo kwa ajili ya watoto, na tukapewa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza maji ya barabara yatakwenda wapi. Wanawake, ambao ndio wanaoyafagia maji, wanaojua yanaingia kwa mlango gani na katika saa gani, hawakuwapo.

Na kuna jambo la pili, ambalo twalisema kwa haya. Juu ya mtaro huo, mbele ya madrasa, tulimwaga sakafu ya zege ili magari ya wazazi yapate kuingia. Jirani akaiga, akajenga kibaraza cha kukalia jioni. Wa pili akaweka kibanda. Imam Nawawi katika Minhaj, mlango wa sulhu, anaeleza kwamba njia ipitwayo na watu wote haifai kufanyiwa lenye kuwadhuru wapitao, na haifai kujengwa humo kibaraza. Tumeisomesha mas'ala hiyo kwa miaka zaidi ya ishirini, tukiwa tumekaa mita chache kutoka kwenye sakafu ile.

Wanafunzi wakubwa walituitikia Jumamosi moja kwa nyundo na mitaimbo. Chini ya zege tulikuta bomba la kalavati limejaa mchanga, nepi na chupa za plastiki, na upana wake, hata lilipokwisha zibuliwa, haupiti ndoo. Kwa mvua ya Pwani bomba la namna hiyo ni dogo mno. Aliyelichagua aliokoa pesa kidogo upande wake, na zikalipwa kwa magodoro ya mjane. Jirani wa kibaraza alikasirika siku mbili, kisha akaja na shoka lake mwenyewe. Mwenye kibanda bado twazungumza naye, na kwa kuwa ndicho kinachomlisha, hatumharakishi.

Kilichobaki ni njia ya kufika horini, nayo haiko mikononi mwetu. Tumeandika barua kwa wahusika, na tumeahidiwa kuwa mhandisi atakuja kupatazama mahali. Tulipomweleza bi mjane, hakujibu neno. Jioni alikuja madrasa na kamba yake ya kuanikia nguo, akawaita wasichana wawili, wakaivuta kutoka pembe ya ukuta wake hadi pale ulipokuwa shina la mwembe, na kutoka hapo hadi ukingo wa hori, akifunga fundo kila penye mteremko. Kamba hiyo iko katika kabati la madrasa, pamoja na nakala ya barua.