Samaki Mkavu na Gitaa Kavu

Samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo nimeisikia tangu shule ya msingi, na tangu siku niliyonunua gitaa nimeisikia mara mia zaidi. Mama ameisema. Majirani wameisema. Hata muuza kahawa wa kijiweni kwetu, ambaye hajawahi kushika gitaa maishani mwake, ameisema huku akinimiminia kikombe. Nina miaka 26. Nimeishia kidato cha nne, natoa fotokopi na kuuza madaftari katika duka la vifaa vya shule hapa Dar es Salaam, na usiku naandika riwaya kwenye kaunta buku. Samaki wa namna hiyo, ndugu msomaji, amekwisha kauka zamani. Ukimkunja atavunjika.

Basi mimi nimejikunja mwenyewe. Sijavunjika bado, ila vidole vimeniuma, si mchezo.

Gitaa lenyewe ni kavu, yaani lile lisilotumia umeme, tumbo lake wazi na tundu katikati. Nililinunua kwa mtu aliyekuwa anahama mtaani kwetu, shilingi 120,000, nikalipa kwa mafungu matatu. Wanamuziki wa zamani wa dansi wana jina jingine la gitaa la aina hii: galatoni. Jina hilo linatokana na Gallotone, magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa Afrika Kusini. Hata John Lennon wa Liverpool, mwaka 1957, kabla Beatles haijazaliwa, alikuwa akipiga Gallotone. Aliyemfundisha ni mama yake, na mama alijua banjo, kwa hiyo kijana alianza kwa kupiga gitaa kama banjo. Nilipolijua hilo nililala usingizi mzuri. Kumbe wakubwa nao walianza kombo!

Sasa nikueleze maumivu, maana waliokwisha kujua gitaa huwa wanayasahau. Nyuzi ni sita, za chuma. Mbili nyembamba ni chuma kitupu, na nne nene zimezungushiwa waya. Ukitaka sauti safi lazima ubonyeze kwa ncha ya kidole, karibu kabisa na kile chuma kilichopita shingoni. Ukibonyeza mbali kidogo, uzi unalia kama nzi kwenye chupa. Ukilegeza, haulii kabisa. Wiki ya kwanza ncha za vidole vyangu vya kushoto zilikuwa nyekundu. Wiki ya pili nilishindwa kufua shati. Wiki ya tatu ngozi ikabanduka, na chini yake ikatokea ngozi nyingine, ngumu. Hiyo ndiyo sugu. Lugha yetu ina akili, jamani. Sugu ni ile ngozi iliyokomaa kwa kazi, na sugu pia ni mtu asiyesikia makatazo. Mpiga gitaa anahitaji zote mbili.

Halafu ziko kodi. Si kodi ya nyumba, ingawa hiyo nayo ninayo. Kodi ni zile sauti kadhaa unazozibonyeza na kuzipiga pamoja. Ukijua tatu, tuseme ya C, ya F na ya G, unaweza kusindikiza nyimbo nyingi ajabu, za dansi na za kanisani. Tatizo ni hiyo ya F. Kidole cha shahada lazima kilale juu ya nyuzi zote sita kama mtu aliyelala mlangoni, na vidole vingine vifanye kazi yao huku hicho kimelala. Nadhani magitaa mengi yanayoning'inia ukutani bila kuguswa yaliachwa na watu waliofika kwenye F wakarudi nyumbani.

Mwalimu wangu ni mzee mmoja wa mtaa wa pili, fundi wa redio na feni. Jina lake silitaji, wala la bendi yake, maana hakunituma. Miaka ya 1970 alipiga gitaa la rithim. Siku niliyokwenda kumwomba anifundishe nilimkuta amekaa barazani na feni miguuni. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika marahaba bila kuinua kichwa. Nilipotaja gitaa akakiinua.

"Una gitaa wewe?"

"Ninalo, mzee."

"Lako mwenyewe?"

"Langu mwenyewe."

Akaweka bisibisi chini. "Lilete."

Nilidhani ananipima kama nina nia. Baadaye ndipo nilipoelewa. Zamani zile bendi nyingi kubwa zilikuwa za mashirika, za jumuiya au za majeshi. NUTA Jazz, kwa mfano, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki alikuwa na mshahara, alikuwa na sare, alikuwa na jina mjini, lakini chombo kilikuwa mali ya mwenye bendi. Ukiacha kazi, gitaa linabaki stoo. Mwalimu wangu alipiga gitaa miaka kumi na mbili mbele za watu, akashuka jukwaani mikono mitupu. Tangu hapo hajamiliki gitaa.

Kwa hiyo somo letu la kwanza halikuwa somo. Alilipokea gitaa, akalipangusa kwa kile kitambaa cha kufutia feni, akaanza kulitega. Alibonyeza uzi mnene kwenye chuma cha tano, akausikilizisha na uzi unaofuata mpaka sauti zote mbili zikawa moja. Akaenda hivyo uzi kwa uzi, ila alipofika uzi wa tatu kutoka chini alibonyeza chuma cha nne. "Hapa pamepinda," akaniambia, "usiulize kwa nini, zoea." Kisha akapiga. Mkewe alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni. Hakuna aliyesema neno. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikisikiliza gitaa langu, lile lile lililokuwa likikoroma kama paka mgonjwa chumbani kwangu, likisema maneno ambayo sikujua kwamba limo nayo.

Nilirudi nyumbani nina huzuni. Nisikufiche, msomaji, nusu ya huzuni hiyo ilikuwa wivu. Mwenye gitaa hajui kupiga, na anayejua kupiga hana gitaa. Mungu anagawaje hizi riziki?

Tulipatana hivi. Mchana nikiwa kazini gitaa likae kwake, jioni nikitoka dukani nipitie kwake saa moja ya somo, kisha niondoke nalo. Rafiki yangu ninayekaa naye chumba kimoja alisema mzee ataliuza. Mama akasema hivyo hivyo. Mzee hakuliuza. Siku moja nilikuta uzi uliokatika ameubadilisha kwa fedha yake, na funguo zote ametia mafuta ya cherehani.

Jambo kubwa alilonifundisha si kodi wala mtindo. Nilikuwa nimemlalamikia. Nilimwambia, mzee, mimi nasikia kabisa kwamba ninachopiga ni kibaya, kila siku nasikia, na inanikatisha tamaa. Nilitaka anipoze. Yeye akacheka.

"Mtoto wa miaka minane," akasema, "akipiga vibaya hajui. Anafurahi tu, kesho anarudi. Wewe sikio lako ni la mtu mzima, mkono wako ndio mtoto. Sasa mbona unampiga mtoto? Mwache atambae. Hilo sikio lisimchape, limshike mkono."

Nimeyafikiria maneno haya kuliko maneno yoyote niliyofundishwa darasani. Kwa sababu hayahusu gitaa peke yake. Sisi tunaoanza ukubwani shida yetu si ugumu wa vidole. Vidole vinalainika. Shida ni kwamba tumekwisha kusikia kilicho kizuri. Mimi kwenye simu yangu ninayo Masanga ya Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji wa Kongo ambao leo unaitwa Likasi. Mwenda alizaliwa 1930, kwa hiyo alikuwa kijana tu, mdogo kuliko mimi. Dole gumba linatembeza besi, kidole cha shahada kinaimba juu yake, na ukifumba macho utaapa kwamba wako wapigaji wawili. Mtu aliyekwisha kusikia hivyo atawezaje kuvumilia kujisikia mwenyewe akikwama kwenye F?

Geuza ukurasa, msomaji, uje kwenye kaunta buku langu. Nimesoma Rosa Mistika mara nne. Euphrase Kezilahabi aliitoa mwaka 1971, naye amezaliwa 1944, yaani alikuwa na miaka 27 hivi. Mimi mwakani natimiza 27 na riwaya yangu imelala sura ya sita mwaka wa pili huu. Haikulala kwa kukosa maneno. Imelala kwa sababu kila nikiandika sentensi, msomaji aliyemo ndani yangu, yule aliyesoma vitabu vizuri, anaitazama na kusonya. Basi nafuta. Naandika, nafuta. Sikio linamchapa mtoto.

Mzee alinipa dawa ya gitaa, nami nikaipeleka kwenye karatasi. Dawa ni kupunguza mwendo. Piga polepole kiasi kwamba huwezi kukosea, hata kama ni polepole ya kutia aibu. Kodi moja, pumzi. Ya pili, pumzi. Usiongeze mwendo mpaka mkono wenyewe uombe. Mwanzoni niliona kama kuchezewa akili, lakini ajabu ni kwamba sauti iliyotoka, hata ilipokuwa moja tu, ilikuwa safi. Sikio lilipata kitu cha kukubali. Na sikio likikubali mara moja, mkono unapata moyo wa kujaribu mara ya pili. Siku hizi naandika hivyo hivyo. Aya moja kwa usiku, mtu mmoja anayefanya jambo moja, bila madoido. Sura ya sita imeamka. Haijawa Kezilahabi. Ni aya ambazo hazikoromi.

Kuna vijana watauliza, na wameshaniuliza, faida ya gitaa kavu ni nini wakati mtu anatengeneza muziki mzima kwenye kompyuta chumbani na wiki ijayo anasikika kwenye kila bajaji. Sina ugomvi na kompyuta. Wanaofanya kazi hiyo vizuri nao wamekesha. Mimi sitegemei kupanda jukwaani. Nina hakika kabisa kwamba sitakuwa Mbaraka Mwinshehe, na nimeacha kujiona mnyonge kwa hilo. Nataka tu nijue kwa vidole vyangu kitu kizuri kinavyojengwa, kutoka kwenye mkoromo mpaka kwenye sauti. Mtu anayetaka kuandika watu anahitaji kukijua hicho, na hakijulikani kwa kusimuliwa.

Lakini lile la mzee kushuka jukwaani mikono mitupu bado linanisumbua usiku. Yeye alikuwa na mkono, akanyimwa chombo. Sisi waandishi wachanga tunalia sana: hatuna wachapishaji, hatuna fedha, hatujulikani. Yote ni kweli tupu. Ila kalamu ya shilingi mia chache na kaunta buku hakuna mwenye bendi atakayezifungia stoo. Chombo tunacho. Tunachokosa ni kuvumilia kuonekana wachanga mchana kweupe, mbele ya watu wenye methali.

Juzi mzee amepokea simu ya mwanawe aliye Mwanza. Kijana amesikia habari za baba kupiga tena, na ameahidi kumletea gitaa mwisho wa mwaka. Mzee alinieleza huku anakaza skrubu ya feni, uso mkavu, lakini mguu ulikuwa ukigonga sakafu. Nikamwuliza, sasa masomo itakuwaje? Akanitazama kwa mshangao.

"Tutakuwa na mawili," akasema. "Utashika rithim."

Sasa naisaka ile F kila jioni, polepole. Mpaka mwisho wa mwaka imebaki miezi minne.