Mke Mwenza Mwenye Kutu

Jamani, baridi ya Dearborn, Michigan, si ya kusimuliwa! Nilipomfuata mume wangu huko Marekani nikakuta mke mwenza: Ford Mustang ya 1967, kutu tupu, imelala kwenye gereji ya nyumbani. Namba yake ya chasisi ina herufi F, yaani ilitengenezwa hapohapo mjini. Eti ndiyo fahari yake! (Mie naona bati tu.)

Kule wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo inakula magari si mchezo. Halafu Mustang za miaka ile zina ugonjwa wao: maji yanaingia kwenye matundu chini ya kioo cha mbele, yanatuama, bati linaoza, kisha yanadondokea ndani. Ukinyanyua zulia, unaona saruji ya gereji.

Miezi mitatu tukawa watu wa salamu tu. Yeye na gari, mie na simu za Dar. Usiku mmoja nikashuka na chai, nimwambie narudi nyumbani.

"Mama, hebu nishikie taa."

Nikaishika. Akakata sakafu iliyooza, akapachika bati jipya, akachomelea nukta hapa, nukta kule, lisije likajikunja kwa joto. Chai ikapoa.

Agosti tukaenda Woodward Avenue kwenye tamasha la magari ya zamani, lililoanza 1995. Letu halikuwa na boneti, tukapanda basi. Njiani akaniuliza tulipake rangi gani.

"Nyekundu."

Akakataa. Tunabishana mpaka leo.