Shanga: Yaliyo Chini ya Sakafu ya Msikiti

Mwenye kuazimia kwenda Shanga kutoka Lamu hana budi kwanza kushauriana na bahari. Maji yakitoka, chombo hukwama. Basi safari hupangwa kwa kujaa na kupwa, kama walivyoipanga wazee wetu. Tulishuka kisiwani Pate, tukafika Siyu, na kutoka hapo tukaenda kwa miguu pamoja na mwenyeji mmoja, hadi yakajitokeza magofu karibu na ufuo: kuta za nyumba, makaburi, na msikiti wa Ijumaa usio na paa.

Mgeni akiutazama msikiti huo huona gofu moja. Lakini katika miaka ya 1980, mwanaakiolojia Mwingereza Mark Horton na wenziwe walichimba mahali hapo tabaka baada ya tabaka, na chini ya sakafu wakakuta misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine. Huu mkubwa ulijengwa karibu na mwaka 1000. Chini yake mlikuwa na mdogo wa matumbawe yaliyokatwa baharini, na chini ya huo, misikiti ya miti. Miti yenyewe imeoza zamani, ila kila nguzo iliyosimikwa ardhini huacha alama, kwani udongo unaojaza shimo lake hutofautiana rangi na udongo wa kando. Kwa alama hizo ndipo zilipojulikana kuta zilikopita. Ule wa chini kabisa umekadiriwa kuwa wa takriban mwaka 780, nao ulikuwa kijumba cha kutosha watu wachache tu.

Tuipime tarehe hiyo. Imamu Shafii, ambaye wengi wetu pwani hii twafuata madhehebu yake, alizaliwa mwaka 150 Hijria, yaani 767 Miladi. Basi watu wa Shanga waliposimika nguzo zao, Imamu alikuwa angali kijana. Na vigae vya vyungu vilivyofukuliwa, tangu tabaka za mwanzo, vingi ni vya ufinyanzi wa hapa hapa, vikichanganyika na vichache vya Ghuba na Uchina. Kwa hiyo Uislamu wa Shanga haukuwa nguo ya kuazima. Ulikaa na wenyeji, katika mji wao, kando ya kisima chao.

Lililotugusa zaidi ni kibla. Misikiti ya mwanzo haikuelekea Makka sawasawa. Ya baadaye ikasahihishwa. Asiyeiona Al-Kaaba ametakiwa ajitahidi kwa dalili alizo nazo, na bila shaka wale walijitahidi. Waliowafuata, elimu ilipoongezeka, walirekebisha mwelekeo bila kupahama mahali pale wala kuwadharau waliotangulia. Walisawazisha udongo, wakajenga juu yake. Na kwa kufanya hivyo kila kizazi kilikihifadhi kilichopita, pasina kujua.

Sisi leo twafanya kinyume. Akipatikana mfadhili, huja tingatinga. Msikiti wa miaka mia tatu hubomolewa kwa wiki moja, msingi mpya huchimbwa hadi chini, kifusi hutupwa, na taili zikang'aa. Hatupingi kuzipanua nyumba za Mwenyezi Mungu, kwani waumini wameongezeka na mapaa ya zamani huvuja. Ila kifusi kikishatupwa hakirudi, hata aje mtaalamu gani. Na wapo wasemao kwamba dini hii ilifika pwani juzi, na kwamba watu wake ni wapita njia. Jawabu lao halimo katika makelele yetu. Limo ardhini, chini ya mikeka tunayosujudia.

Basi twaziomba kamati za misikiti ya kale: kabla ya kubomoa, pigeni picha, pimeni kuta na mihrabu, nakilini maandishi yaliyochongwa, na waulizeni wazee majina ya walioweka wakfu. Waiteni watu wa Makumbusho ya Taifa waje watazame kabla jembe la kwanza halijaingia. Kazi hiyo haitauzuia ujenzi, itauchelewesha tu kidogo. Wale wachache walioswali ndani ya kijumba cha miti hawakutuachia kitabu wala jina. Walituachia mashimo ya nguzo, na hayo yakatosha kuwashuhudia baada ya miaka elfu na zaidi.

Wabillahi taufiq.