Barua kwa mwanangu wa Lubumbashi

Kalemie

Mwanangu,

Shairi lako nilimsomea bibi yako kwa sauti. Nilipofika ubeti wa mama yako akikusuka nywele barazani, jirani akiuliza "Huyu mtoto ni wa nani?", alicheka, kisha akanyamaza. Ubeti huo usiuguse hata neno.

Ila beti nne za mwanzo zimenikera. Unampimia msomaji damu yako kama muuza unga sokoni, nusu huku, nusu kule, halafu unamwomba akupokee. Umwombe nini? Huyo kijana aliyekuita metisi, chotara asiye na kwao, hakukitunga yeye hicho kipimo. Alikirithi.

Mji wetu ulipokuwa ukiitwa Albertville, serikali ya Wabelgiji iliwanyang'anya mama wa Kikongo watoto waliozaa na Wazungu, ikawatia misheni. Léa Tavares Mujinga, Monique Bitu Bingi, Noëlle Verbeken, Simone Ngalula na Marie-José Loshi walipelekwa kwa masista wa Katende, Kasai, kila mmoja kabla ya kutimiza miaka 7. Mama zao walikuwa hai! Ubelgiji iliomba radhi bungeni tarehe 4 Aprili 2019, lakini wanawake hao walipoishtaki, mahakama ya kwanza iliwaambia mwaka 2021 kwamba zama zile tendo hilo halikuhesabiwa kuwa uhalifu dhidi ya binadamu. Walikata rufaa, nao ni vikongwe. Tarehe 2 Desemba 2024, Mahakama ya Rufaa ya Brussels ikawapa haki, na euro 50,000 kila mmoja. Pesa ya utoto mzima, mwanangu, hebu fikiria.

Hayo ndiyo ambayo shairi lako halina. Unaeleza wewe ni nani, hutaji nani aliamua kwamba mtoto wa rangi yako ni tatizo la serikali.

Mtafute Pushkin, yule mshairi wa Urusi. Babu wa mama yake, Abram Gannibal, alikuwa Mwafrika aliyechukuliwa utotoni. Mwaka 1830 mwandishi mmoja, Bulgarin, alimdhihaki gazetini kwamba babu huyo alinunuliwa na nahodha kwa chupa ya romu. Pushkin hakukana, wala hakulia. Alijibu kwa shairi la ukoo wake: ndiyo, nahodha alikuwepo, na nahodha mwenyewe ni mfalme Petro, aliyeshika usukani wa Urusi nzima. Tusi likamrudia Bulgarin mwenyewe. Ningependa uwe na ujeuri wa namna hiyo, ingawa mama yako atasema nakuharibu.

Kwa hiyo, zile beti nne zikate. Anza na jirani na swali lake, umjibu kwa jina la mama yako na la ukoo wetu, kisha umrudishie yeye swali hilohilo. Halafu ulisome mbele ya watu, hata kama kijana yule amekaa kiti cha mbele.

Mimi mama yako mdogo.