Sauti Tuliyoijua Kabla ya Sura

Wako watu ambao mtu huweza kuwafahamu kwa miaka mingi bila kuwatia machoni. Sisi walimu watatu wa Chimala tulimfahamu mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo kwa namna hiyo kwa miaka thelathini, na siku tulipomwona kwa macho yetu tulikuwa tumekwisha kuota mvi. Tunasimulia habari hiyo kwa sababu usiku ule tulikwenda kustarehe, tukarudi na swali ambalo mpaka leo hatujalimaliza.

Chimala ni mji mdogo ulioko mkoani Mbeya, mahali ambapo barabara kuu ya Dar es Salaam na Zambia hupita chini ya milima, na reli ya TAZARA hupita jirani. Upande wa kusini milima imesimama kama ukuta, na barabara ya kwenda Matamba huupanda ukuta huo kwa kona ambazo wenyeji huzihesabu kuwa hamsini na saba. Upande wa kaskazini limetanda bonde la Usangu na mashamba yake ya mpunga. Tulipangiwa kufundisha huko mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati wa mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, tukiwa vijana wenye vyeti vipya na sanduku la bati kila mmoja.

Nyumba yetu haikuwa na umeme. Tulichangishana fedha tukanunua redio moja ya betri, na betri zilipochoka tulizianika juani ili tupate walau nusu saa nyingine. Kwa redio hiyo tuliisikia Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwa njia hiyo sauti ya Gurumo iliingia nyumbani kwetu, ikakaa. Ilikuwapo tulipokuwa tukisahihisha madaftari kwa taa ya chemli. Ilikuwapo katika harusi za majirani, na wakati wa mavuno, vijana walipopakia magunia ya mpunga huku wakiimba kwa zamu, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia. Hatukujua mwenye sauti ile ni mrefu au mfupi. Tulijua tu kwamba anapoonya, anaonya kama mjomba, na anapolalamika, hupunguza sauti badala ya kuipandisha.

Msomaji kijana pengine atauliza: je, muziki wa dansi, wenye magitaa na matarumbeta, ni utamaduni wetu kweli? Swali hilo si geni. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya kushughulikia utamaduni, alisikitika kwamba wengi walijifunza kucheza dansi za kigeni lakini hawakujua kucheza ngoma za kwao. Sisi tuliosoma baada ya hapo tulilelewa na onyo hilo, na wako walimu wenzetu walioiona dansi kuwa kasumba iliyovaa suruali pana.

Lakini tuitazame safari ya mtu mwenyewe. Gurumo alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Masaki, wilayani Kisarawe, katika nchi ya Wazaramo. Alianza muziki mwaka 1960, na mwaka 1964 alikuwa miongoni mwa walioanzisha bendi ya NUTA, mali ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadili jina, bendi nayo ilibadili, ikawa JUWATA, kisha OTTU. Mwaka 1978 aliihama, akawa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park. Mwaka 1985 alikwenda Orchestra Safari Sound, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 alirudi katika bendi yake ya kwanza, ambayo watu waliizoea kwa jina la Msondo. Sasa tuyapime majina yenyewe. Msondo ni ngoma ndefu ya pwani, inayopigwa wanawali wanapochezwa. Sikinde, mtindo uliowapatia Mlimani Park sifa nchi nzima, ni jina la ngoma ya Wazaramo. Magitaa yalitoka ng'ambo, ni kweli, lakini yalipofika hapa yalipewa majina na wazee wetu na yakafundishwa adabu ya ngoma: mmoja huongoza, wengi huitikia, na mchezaji hasubiri kualikwa. Hayo tuliyasoma na kuyafundisha darasani. Kuyaona kulikuja baadaye.

Desemba mwaka 2009 tulisafiri pamoja hadi Dar es Salaam kumwoza binti wa mmoja wetu. Tulipanda treni hapo hapo Chimala, tukalala njiani. Harusi ilipokwisha, mpwa wa mwenzetu, kijana mwenye duka la vipuri, akatuamkia akasema, "Wajomba, mmefanya kazi kubwa. Leo jioni nawapeleka kwa Gurumo." Tulimcheka kwanza, kwa kuwa sisi tulidhani mtu wa namna ile haendewi kama jirani. Akatuhakikishia kwamba bendi ya Msondo hupiga kila wiki na kwamba mzee angali anaimba.

Ukumbi ulikuwa wa wazi, umezungushiwa ukuta, na katikati palikuwa na sakafu ya saruji iliyosuguliwa na viatu vya miaka mingi. Mpaka saa tatu usiku viti vyote vilikuwa vimejaa. Walikuwapo akina mama waliovaa sare za vitenge, wazee wenye kofia, madereva wa teksi walioegesha magari yao nje, na vijana wa umri wa wanafunzi wetu. Spika zilipangwa moja juu ya nyingine kama magunia ghalani. Wapiga matarumbeta na saksafoni walikaa nyuma, wenye magitaa katikati, na tumba pembeni. Walipoanza, besi ilitupiga kifuani kabla masikio hayajaelewa ni wimbo gani. Redio yetu ya Chimala haikupata kutuambia kwamba wimbo una uzito. Ilitupa umbo lake tu, kama picha ya tembo katika kitabu.

Mara akaingia mzee mwembamba, akatembea taratibu mpaka kwenye kipaza sauti. Hakutangazwa. Mwenzetu mmoja akauliza, "Huyu ndiye?" Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa mzee alifungua kinywa, na sauti iliyotoka ndiyo ile tuliyoisikia miaka yote kwa betri za kuanikwa. Ilikuwa imepata mikwaruzo kidogo, lakini haikuwa imepotea njia. Tuliona haya kutazamana, maana kila mmoja alijua mwenzake analengwalenga na machozi.

Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Kwanza husimuliwa habari kwa utulivu, na wachezaji hucheza polepole huku wakisikiliza maneno. Kisha huja chemko: magitaa hukazana, matarumbeta huitana, na ukumbi mzima husimama. Chemko kilipofika, mzee alikishusha kipaza sauti, akanyamaza. Tulidhani amechoka. Kumbe alikuwa anatuachia. Mamia ya watu wakaupokea wimbo bila kukosa neno: akina mama, madereva, vijana ambao hawakuwa wamezaliwa ulipotungwa, na sisi watatu wa kutoka Chimala. Tukaimba kama tulivyowasikia wapakiaji wa mpunga wakiimba. Hapo tulipata jibu la lile swali la kasumba, nalo halikutoka kitabuni. Muziki ambao watu wake wanaweza kuumalizia wenyewe mwimbaji anaponyamaza, huo umekwisha kuwa mali yao.

Lakini kama ni mali yao, ulinunuliwa kwa nini? Hilo ndilo swali tulilorudi nalo.

Liliingia kwa mzaha. Watu walikuwa wakipanda jukwaani kumtunza mwimbaji, wakimbandika noti kwenye paji la uso kama ilivyo desturi. Mwenzetu, yule aliyeoza, alitoa shilingi elfu tano zilizosalia katika bahasha ya harusi, akapanda. Aliporudi alikaa kimya, kisha akasema, "Nimemlipa za mwaka 1978. Zilizobaki tutamaliza lini?" Tulicheka. Mwingine akauliza, "Na huyu mzee atastaafu lini?" Hapo hatukucheka tena. Sote watatu tulikuwa tunatazamia kutimiza miaka 60 mwaka uliofuata, na tulikuwa tumekwisha kuanza kujaza fomu za mafao. Mzee pale jukwaani alikuwa ametuzidi miaka kumi. Sisi tuliwafundisha watoto wa tarafa moja, na taifa likatuwekea akiba. Yeye alilifundisha taifa zima jinsi ya kuishi na mke, na jirani, na rafiki mnafiki, na saa sita za usiku alikuwa bado amesimama kwa miguu yake.

Hatusemi kwamba taifa halikuwajali wanamuziki. Nchi yetu ilifanya jambo ambalo nchi nyingi hazikulifanya: vyama na mashirika ya umma yaliunda bendi, yakanunua vyombo, yakawalipa wapigaji mshahara. Hata katika nyanda zetu, mjini Iringa, ilikuwako Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kuchonga almasi. Radio Tanzania ilizirekodi bendi hizo na kuzisikizisha hadi vijiji visivyo na barabara. Bila kazi hiyo sisi tusingemjua Gurumo. Lakini mpango huo ulikuwa na tundu lake. Vyombo vilikuwa mali ya shirika, na nyimbo zilipigwa hewani miaka nenda, miaka rudi, huku mtunzi akibaki na sifa. Mashirika yalipodhoofika, bendi nyingi zilikufa nayo, na mwanamuziki akatoka mikono mitupu. Ilipokuja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, wengi wa watunzi wale walikuwa wamekwisha kuzeeka, na baadhi walikuwa kaburini.

Mwaka 2013 Gurumo alitangaza kustaafu, na tukamsikia akieleza kwamba katika miaka yote ile ya muziki hakuweza kununua hata baiskeli. Mwanamuziki kijana, Diamond Platnumz, aliguswa, akamzawadia gari. Tulifurahi, kwa sababu mtoto alimkumbuka babu. Tuliona haya pia, kwa sababu deni la watu wote lililipwa na mtu mmoja. Tarehe 13 Aprili 2014 mzee alifariki dunia jijini Dar es Salaam, akazikwa kwao Masaki. Siku ile Chimala mpunga ulikuwa bado kijani mashambani, na redio, ambazo sasa ni za simu, ziliimba sauti yake kutwa.

Sisi si watunga sheria, wala hatuna mfuko wa kuwalea wasanii. Lakini mwalimu, hata aliyestaafu, hakosi kazi. Tulipokuwa tukifundisha ushairi na nyimbo, tuliandika maneno ubaoni na kuuliza maudhui, dhamira na tamathali za usemi. Jina la mtunzi hatukuliandika. Hatukufanya hivyo kwa dharau. Tulidhani wimbo wa redioni ni kama maji ya mto, hauna mwenyewe. Siku hizi wanafunzi wa sekondari hutujia nyumbani kutafuta msaada wa masomo, na tumeweka sharti moja. Kila wimbo unaoletwa kuchambuliwa, liandikwe kwanza jina la aliyeutunga, na bendi, na mwaka ukijulikana. Mwanafunzi asiyejua aende akaulize.

Mwanzoni walinung'unika. Kisha binti mmoja alirudi jioni akiwa na daftari, akatuamkia, akasema alikwenda kumwuliza babu yake mzaa mama, mzee wa watu ambaye zamani alipakia mpunga. Babu alilitaja jina bila kufikiri. Halafu, alisema binti, akauimba wimbo wote mpaka mwisho, na bibi akiwa jikoni akawa anaitikia.